Kabla Kondo Halijatupwa

Mtoto akishalia, chumba kizima humgeukia yeye. Ni haki yake. Mimi wakati huo macho yangu yako upande wa pili, maana kondo la nyuma bado halijatoka na mama hajavuka. Kwa sisi wakunga, kuzaa hakuishi mtoto anapotoka; kunaisha kondo likishatoka zima na damu ikatulia. Likitoka nalitia kwenye beseni, nalisogeza penye mwanga na kuanza kulikagua. Wanafunzi wanaoletwa wodini kwetu wananijua kwa hilo: haondoki mtu zamu yangu kabla hajalishika kondo kwa mikono yake mwenyewe, hata kama usingizi umembana na wenzake wameshabadilisha nguo.

Nimeandika hapa kuhusu uchungu, kunyonyesha, presha za ujauzito na mengine mengi. Leo ni zamu ya kiungo ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho wenyewe wengi hawajawahi kukiona.

Likiwa limekomaa, kondo lina uzito wa karibu nusu kilo, upana wa sentimita 20 hadi 22 hivi, na unene wa sentimita 2 na kitu. Nyuso zake mbili hazifanani hata kidogo. Upande uliomwelekea mtoto unang'aa, una ubuluu wa kijivu, na mishipa imetambaa juu yake kuanzia pale kitovu kilipoingia, ikigawanyika kuelekea ukingoni kama matawi ya mti. Upande ulioshikana na mama ni mwekundu wa kukoza, una mabonde, na umegawanyika katika mapande 15 hadi 20. Huu ndio ninaoanza nao. Naliweka kondo viganjani upande huo ukiwa juu, nakunja mikono kidogo ili mapande yasogeleane. Kama yote yapo, yanakutana bila pengo. Nikiona shimo lenye kingo zilizochanika, najua kuna kipande kimebaki ndani, na mfuko wa uzazi wenye kipande ndani haujibani sawasawa. Mama huyo anaweza kuvuja damu papo hapo, au akaenda nyumbani akarudishwa siku kadhaa baadaye ana homa na damu yenye harufu.

Halafu zinafuata tando, zile zilizokuwa chupa ya maji. Ziko mbili, zimelaliana, na unaweza kuzitenganisha kwa vidole. Wa ndani, amnioni, ni laini lakini mgumu kuchanika. Wa nje, korioni, ni hafifu na unachanika ovyo. Nazifuata ukingo mzima nikitafuta kitu kimoja: mshipa wa damu uliotoka kwenye kondo, ukaingia kwenye utando, kisha ukakatikia hewani. Mshipa wa namna hiyo ulikuwa unakwenda kwenye kipande cha kondo kilichojitenga pembeni, na kipande hicho bado kiko kwa mama. Hili ndilo linalowapita wengi, kwa sababu kondo lenyewe ukilitazama liko zima kabisa.

Mwisho kitovu, ambacho kwa kawaida kina urefu wa sentimita 50 hadi 60. Nakikata upya na kuitazama ncha: matundu matatu, ateri mbili nyembamba na vena moja pana, yamezama ndani ya uteute mzito unaoikinga mishipa isibanwe mtoto anapojigeuza. Ikiwa ateri ni moja tu, namwambia daktari amchunguze mtoto zaidi, hasa moyo na figo. Wengi wao huwa wazima. Kitovu hakina neva, kwa hiyo kinapokatwa haumii mama wala mtoto, ingawa akina baba wanaopewa mkasi hutetemeka kama wanaokatwa wao.

Baba mmoja wa aina hiyo, baada ya kumaliza kutetemeka, alinisogelea nikiwa kwenye beseni akauliza, "Samahani sista, hili ni la mama au la mtoto?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kwenye mitihani. Karibu lote ni la mtoto. Limetokana na yai lilelile lililorutubishwa, lina kromosomu zilezile za mtoto, nusu zake zikiwa za huyo baba. Cha mama ni utepe mwembamba wa ukuta wa mfuko wa uzazi ulioganda nyuma yake, na damu iliyokuwa ikilizunguka. Maana yake ni kwamba kiungo cha mtu mwingine, nusu yake kikiwa na asili ya mwanamume asiye na undugu wa damu na mama, kimekaa ndani ya mwili wa mama miezi tisa bila kukataliwa. Figo ya kupandikizwa isingevumiliwa hivyo bila dawa. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliliweka fumbo hilo wazi, na hadi leo halijafumbuliwa lote. Sehemu ya jibu ni kwamba seli za nje za kondo hazionyeshi alama za kawaida ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mgeni. Baadhi yake huonyesha alama ya pekee, HLA-G, inayozituliza seli za ulinzi zilizojaa kwenye ukuta ule.

Na mchango wa baba katika kondo si nusu kwa hesabu tu. Mwaka 1984, katika majaribio ya panya, Azim Surani na wenzake walitengeneza viinitete vyenye urithi wa upande mmoja peke yake. Vilivyopewa urithi wa akina mama watupu vilijitahidi kuunda mwili lakini kondo likawa duni. Vyenye urithi wa akina baba watupu vilifanya kinyume chake: kondo na tando zikakua vizuri, mwili ukadumaa. Kwa binadamu tunaliona jambo hilo kwenye mimba zabibu. Ile iliyokamilika huwa na kromosomu za baba pekee. Mtoto hayupo, kuna vijitawi vya kondo vilivyovimba maji na kujaza mfuko wa uzazi. Baba yule sikumweleza yote haya. Nilimwambia, "Ni la mtoto, na wewe umechangia," kwa sababu mkewe alikuwa anasubiri kushonwa.

Sasa linaanzaje? Yai hurutubishwa likiwa kwenye mrija wa uzazi, na kufikia siku ya 5 limekuwa tufe dogo lenye uwazi wa maji ndani. Seli zake zimeshagawana kazi. Fungu dogo la ndani litakuwa mtoto. Tabaka la nje, trofoblasti, halitaingia kwenye mwili wa mtoto hata chembe: hilo ndilo kondo. Yaani kabla hakujawa na moyo, ubongo wala uti wa mgongo, kondo limeshapangiwa watu wake. Siku ya 6 au ya 7 tufe hilo hugusa ukuta wa mfuko wa uzazi, na kufikia siku ya 12 hivi limezama lote ndani yake. Mama hapo hata siku zake hazijapita.

Likiwa linazama, jambo la ajabu hutokea kwenye seli za nje. Kuta kati yake huyeyuka, zikaungana kuwa tabaka moja lisilo na maungio, lenye viini visivyohesabika. Tabaka hilo litafunika kondo zima hadi siku ya kuzaliwa, na kwa kuwa halina nyufa kati ya seli, kinachotaka kupita lazima kipite katikati yake. Protini mojawapo inayozifanya seli ziungane inaitwa sinsitini. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba jeni yake asili yake ni virusi. Mamilioni ya miaka iliyopita virusi viliingia kwenye urithi wa mababu zetu wa mbali vikabaki humo, na ile protini vilivyoitumia kujiunganisha na seli ili vizivamie sasa ndiyo inayotujengea kondo. Nikiwaeleza wanafunzi jambo hili huwa wanadhani nawatania.

Tabaka hilohilo hutoa homoni ya hCG, ile inayotafutwa na kipimo cha mimba cha mkojo. Kwa hiyo kipimo kikisema ndiyo, aliyejibu ni kondo. Kazi ya homoni hiyo ni kukiambia kifuko kilichoachwa na yai kwenye ovari kisinyauke, kiendelee kutoa projesteroni ili ukuta wa mfuko wa uzazi usimomonyoke. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 kondo huanza kujitengenezea projesteroni ya kutosha, na ovari hupumzika.

Yanayofuata ndiyo ningependa kila mjamzito aelezwe, maana yangepunguza lawama nyingi.

Ukuta wa mfuko wa uzazi una ateri zilizojisokota, kila moja ikiwa na misuli yake ya kujibana na kujiachia. Baadhi ya seli za trofoblasti huliacha kondo, zikasafiri ndani ya ukuta hadi kwenye ateri hizo, zikaondoa misuli na kuzigeuza kuwa mirija mipana, iliyolegea, isiyoweza kujibana. Tangu hapo mama akishtuka, akikimbia, akikasirika, damu ya mtoto haipunguzwi na ateri hizo, kwa kuwa hazina tena cha kujibania. Lakini mwanzoni seli hizo huziziba ateri. Wiki za kwanza, hadi kama wiki ya 10 au ya 12, kiinitete hakiishi kwa damu ya mama inayotiririka. Hulishwa majimaji yenye virutubisho kutoka kwenye tezi za ukuta wa mfuko wa uzazi, na oksijeni ni kidogo sana. Graham Burton na Eric Jauniaux, walioshughulika na jambo hili miaka mingi, wanaeleza kwamba uhaba huo ni kinga: oksijeni nyingi huzaa kemikali zinazoharibu seli, na huo ndio wakati viungo vyote vinaumbwa. Viungo vikishawekwa mahali pake, vizibo hulegea, damu ikaingia. Kufikia mwisho wa mimba mfuko wa uzazi hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika.

Kazi hii ya kupanua ateri isipofanyika vizuri, hapo ndipo mara nyingi kinapoanzia kifafa cha mimba, na mama hatajua. Hakuna maumivu, hakuna damu. Atajua wiki ya 30 na kitu, presha ikipanda, protini ikionekana kwenye mkojo, kichwa kikiuma na macho yakiona vimulimuli. Ndipo anaponiuliza, "Sista, nimekula nini?" Hujala kitu, mama. Na wala si hasira za shemeji. Katika nyingi ya hali hizi, zaidi zile zinazoanza mapema, ateri zilibaki nyembamba tangu miezi ile ya kwanza, kondo likawa linapata damu kwa shida, na likaanza kumwaga kwenye damu ya mama protini zinazoumiza kuta za mishipa yake mwili mzima. Moja ya protini hizo ni sFlt-1; mchango wake katika hali hii ulionyeshwa mwaka 2003, na sasa kuna vipimo vya damu vinavyoipima. Kwamba chanzo ni kondo na si mtoto, ushahidi mzuri ni mimba zabibu: mtoto hayupo kabisa, lakini mama anaweza kupata hali hiyohiyo, tena mapema kuliko kawaida. Kwa walio katika hatari, aspirini ya kiwango kidogo inayoanzwa kabla ya wiki ya 16 kwa maelekezo ya daktari hupunguza uwezekano. Kikishaanza, kifafa cha mimba hakina tiba ya kukimaliza zaidi ya kondo kutoka, na hata baada ya hapo tunamwangalia mama siku kadhaa, maana degedege laweza kuja akiwa ameshajifungua.

Kuhusu mama na mtoto kuchanganya damu: hazichanganyiki. Ndugu wawili, William na John Hunter, walilionyesha hilo London katikati ya karne ya 18 kwa kudunga nta yenye rangi kwenye mishipa ya wanawake waliofariki wakiwa wajawazito. Nta iliyoingizwa upande wa mama haikuingia kwenye mishipa ya mtoto. Damu ya mama humwagika kwenye uwazi ulio nyuma ya kondo na kuosha vijitawi vidogo mno vilivyojaa humo, na ndani ya kila kijitawi inapita damu ya mtoto. Ukivitandaza vyote eneo lake lafikia mita za mraba kama 12. Oksijeni hupenya yenyewe, na himoglobini ya mtoto aliye tumboni huikamata kwa nguvu kuliko ya mama. Sukari ina wabebaji wake. Asidi amino husukumwa kwa nguvu, kiasi kwamba kwenye damu ya mtoto huwa nyingi kuliko kwa mama. Madini ya chuma nayo hupewa mtoto kwanza, hata mama akiwa na upungufu. Kondo pia hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama ifanye kazi kwa uzito ili sukari ibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto, na mama ambaye kongosho lake halimudu kuongeza insulini ndiye anayepata kisukari cha mimba.

Nisichokipenda ni ile picha ya kondo kama chujio linalozuia kila kibaya. Limewaponza watu wengi wazo hilo. Thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa salama ya usingizi na kichefuchefu, ikaondolewa sokoni mwaka 1961, na watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wameathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi. Pombe inapita. Nikotini inapita. Virusi vya rubela vinapita. Daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aligundua mwaka 1941 uhusiano wake na watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho. Vimelea vya malaria vina ujanja mwingine: chembe za damu zilizoambukizwa hujinasa kwenye kondo lenyewe na kurundikana humo, hata kama kwenye damu ya kidoleni ni chache. Na kuna visivyopita, kama heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na, kwa kiasi kikubwa, insulini. Ndiyo maana mjamzito mwenye kisukari hupewa insulini bila hofu. Molekuli kubwa kwa kawaida hukwama, ndogo zinazoyeyuka kwenye mafuta hupita. Kondo halijui kipi ni kizuri.

Isipokuwa kwa kingamwili. Hizo ni kubwa, zingepaswa kukwama, lakini kondo lina kipokezi maalumu kinachozishika na kuzivusha, hasa miezi mitatu ya mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa akiwa nazo nyingi kuliko hata mama yake. Chanjo ya pepopunda anayochomwa mjamzito hufanya kazi kupitia mlango huo, na aliyezaliwa wiki ya 28 ameukosa sehemu kubwa.

Narudi kwenye dakika zangu zile za baada ya mtoto kulia. Mfuko wa uzazi hujikunja ghafla kuwa mdogo. Kondo haliwezi kujikunja nao, hivyo hubanduka. Tunaona kitovu kinarefuka, damu kidogo inatoka kwa mkupuo, na tumbo linakuwa gumu na la mviringo chini ya mkono. Sasa kumbuka zile ateri zilizoondolewa misuli. Zimebaki wazi, na haziwezi kujifunga zenyewe. Kinachozifunga ni nyuzi za msuli wa mfuko wa uzazi zilizopishana kuzizunguka, zikijibana zinaziminya. Mfuko ukilegea, hakuna kingine cha kuzuia, na damu ya zaidi ya nusu lita kwa dakika haimpi mtu muda wa kutafuta simu. Ndiyo sababu ya sindano ya oksitosini, yuniti 10, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Sindano hiyo haizuii kusubiri kukata kitovu: dakika 1 hadi 3 zinampa mtoto damu yake iliyokuwa bado kwenye kondo. Na wanaovuta kitovu wakati tumbo bado laini ndio nitakaowagombeza hadi nistaafu, kwa kuwa mfuko wa uzazi unaweza kupinduka ukatoka nao.

Mahali kondo lilipokuwa panabaki kidonda kikubwa, lakini hakiachi kovu. Ukuta mpya huota kutoka chini na pembeni, na ule wa zamani hutoka na damu ya uzazi. Baada ya wiki 6 hivi pamefunikwa, na mimba nyingine inaweza kujishikiza palepale. Kovu la upasuaji ni habari tofauti. Kondo likijishikiza juu yake hukosa lile tabaka linalolizuia lisizame mno, likaingia kwenye msuli wenyewe, na siku ya kuzaa halibanduki. Kila upasuaji unaoongezeka huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo ukiwa umewahi kupasuliwa, unapopimwa ultrasound usiulize jinsia peke yake. Uliza kondo liko wapi na liko umbali gani na kovu. Ukiambiwa wiki ya 20 kwamba liko chini, usilale macho, kwa wengi hupanda mfuko wa uzazi unavyokua. Rudi lipimwe tena karibu na wiki ya 32. Likiwa bado liko chini, na limekaa juu ya kovu, panga mapema kuzalia penye damu ya kuongezewa na daktari wa upasuaji aliyeshajulishwa kuhusu wewe.